Majani Niliyoyaacha Barabarani

Haya, mmeshinda. Tangu nimerudi, kila nikikaa kilabuni na kikombe changu cha ulanzi, kabla hata sijapuliza povu mtu ananigonga bega: "Mzee, hebu tupe ya Kongo." Naanza. Nikifika Makambako mmoja anakwenda kukojoa, akirudi anataka nianze upya. Mwingine keshakwenda Kihesa kutangaza kwamba nilitekwa na watu wa msituni wakanifanya jemadari wao. Sikufanywa jemadari. Nilidhaniwa tu, tena kwa muda mfupi, na ulikuwa upumbavu wangu mwenyewe. Ndiyo maana nimechukua daftari. Soma, ukimaliza mpe mwenzako, mimi niacheni ninywe.

Kalamu na mimi hatujazoeana. Shule niliishia darasa la nne, Kilolo kule, na hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa kuhesabu miaka nina la tano. Habari za hati, mihuri na sindano nazipita. Hazina utamu, na nyingine mpaka leo sijazielewa.

Ila mjue tangu mwanzo: nilikokwenda kulikuwa na vita, na risasi nilizisikia, lakini kilichonitisha safari nzima hakikuwa risasi. Alikuwa Mama Tusa.

Mlandege: mkono ulionyanyuka wenyewe

Mke wangu mnamjua. Asiyemjua, ni Mnyakyusa wa Iyunga, mfupi, hapigi kelele. Afadhali angepiga. Kabla yangu aliolewa na dereva mwingine wa malori. Yule bwana aliteremka Iwambi kwenye ukungu, mbele kulikuwa na lori bovu limesimama katikati ya barabara, na mwenye lori hakuweka majani. Basi.

Kwa wasiojua kazi yetu: gari likiharibika, kitu cha kwanza si kufungua boneti. Unakata matawi, unayatandaza barabarani nyuma ya gari na mbele yake, hatua thelathini na zaidi, ili anayekuja ajue kuna jambo. Gari likipona, unayaondoa uliyoyaweka, unayaweka pembeni vizuri, ndipo unaondoka. Haijaandikwa mahali, lakini dereva anayeacha majani yake barabarani mimi namweka kundi moja na wezi wa kuku.

Miaka yote niliyoendesha lori, nikipiga simu kwamba nimekwama, Mama Tusa hakuwahi kuniuliza kama nimekula. "Umeweka majani?" "Nimeweka." "Haya." Nikifika nyumbani, kabla ya maji ya kuoga: "Uliyaondoa?" "Niliyaondoa." Ndipo sufuria inafunguliwa.

Nilipozeeka akaichukua leseni yangu, akaifungia kwenye sanduku lake la vitenge. Akasema, "Umeendesha inatosha. Mimi siziki madereva wawili." Nikakubali. Nikaanza kufuga kuku. Ndugu zangu, kuku ni wanyama wajinga sana. Unamwamkia asubuhi anakuangalia kwa jicho moja kama una kesi.

Sasa ikaja Jumapili moja, kanisani wakaja wageni. Wakasema ng'ambo ya ziwa kuna vita, wagonjwa wanakufa njiani, magari yapo lakini wanataka madereva wa kujitolea, watu wazima, waliozoea milima na matope, wanaojua Kiswahili. "Vijana wanakimbiza gari," mgeni mmoja akasema, "tunataka anayejua kupunguza mwendo." Mkono wangu ukanyanyuka. Akili ilikuwa bado imekaa. Baadaye waliniuliza habari ya leseni, nikawaambia iko salama. Na kweli ilikuwa salama.

Mama Tusa Jumapili ile alikuwa na mafua, hakuja kanisani. Nikamwambia kwamba Tusa, binti yetu mwalimu wa Iyunga, anaanza kujenga, na fundi asiposimamiwa anakujengea banda la nguruwe, kwa hiyo nakwenda kusimamia, miezi mitatu tu. Akaniangalia. "Haya," akasema, "usisahau sweta." Uongo huo umenigharimu kuliko vita.

Mlandege mpaka Iyunga: basi lililokaa

Tulipita Mafinga na Makambako vizuri, kufika mbele ya Igurusi basi likakaa. Dereva, kijana mzuri tu mwenye miwani ya jua, akashuka, akawasha sigara, akaanza kupiga simu. Majani hakuna! Nikashuka na hasira zangu, nikaanza kuvunja matawi kwa mikono. Akaja kunisaidia mtu mmoja mrefu, Msukuma, jina lake Masanja. Baba yake aliletwa na ng'ombe hapo Usangu zamani, ndiyo namna anavyosema mwenyewe, ng'ombe ndio walioongoza.

"Wewe mzee kabila gani, una ukali na miti?" akaniuliza.

"Mhehe."

"Ahaa! Basi ngoja nimpigie mke wangu afungie mbwa ndani, usije ukamla."

"Mfungie na yeye mwenyewe," nikamjibu. "Anaishi na ng'ombe mia, hajui hata kukaanga kitunguu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tulikaa pale saa tatu tunatukanana kwa furaha. Gari lilipopona yule dereva akataka kuondoka tu, nikasimama mbele ya basi, nikamwambia aje aondoe majani kwa mkono wake. Abiria wakanizomea. Masanja akanitetea kwa kuwatukana abiria. Tulipoagana Chimala... hapana, Chimala ilikuwa nyuma, samahani. Tulipoagana Uyole akanipa mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa mpaka vikawa kama vigae. "Hii haiozi, mtani. Unachemsha unakula, unatafuna mikavu unakula, adui akija unampiga nayo kichwani."

Iyunga, Tusa alinipikia ndizi za kwao mama yake, nikala mpaka nikafungua mkanda, ndipo nikamwambia ukweli. Aliweka kijiko chini.

"Baba, hiyo nyumba ninayojenga iko wapi?"

"Haipo."

"Na mama nimwambieje?"

Nikamweleza mpango. Mimi nitampigia yeye kwa intaneti, yeye atampigia mama kwa simu yake ya pili, kisha aziweke simu mbili mdomo kwa mdomo. Mama ataona namba ya Tusa, atajua tuko wote Iyunga.

"Baba, unaniingiza kwenye dhambi."

"Ndogo."

"Mama akijua?"

"Tutakimbilia wote Kongo."

Hakucheka. Ana sura ya mama yake asipocheka.

Iyunga mpaka Kasanga: juu ya simenti

Kutoka Mbeya niliomba lifti lori la simenti linalokwenda bandarini Kasanga. Kwenye kibanda cha mbele walikuwa wamejaa, nikapanda juu ya mifuko chini ya turubai. Hadi Tunduma nilikuwa mtu. Hadi Sumbawanga nilikuwa sanamu. Nilishuka kuomba maji ya kunawa kwa mama mmoja muuza maandazi, akaniona mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, akakimbia akaacha maandazi. Nikakaa nikamlindia. Nikamuuzia mawili. Aliporudi na watu akakuta niko nayo, akanipa moja la shukrani, ila alilitupa kwa mbali nikadaka.

Kasanga tulingoja meli siku nne. Injini, mara nahodha, mara injini tena. Sikujali sana kwa sababu kulikuwa na migebuka ya kuchoma, samaki mtamu kiasi kwamba nilisahau nilikokuwa nakwenda. Nilikumbushwa ziwani. Mimi mtu wa milima, maji nayajua ya kwenye ndoo. Meli ilipoanza kucheza nilitapika migebuka yote ya siku nne. Mimi Mlutheri, lakini siku ile niliwaita watakatifu wote wa Kikatoliki ninaowajua, na wawili nadhani niliwabuni.

Ng'ambo: nyumba ya Tusa yapanda linta

Jina la mji sitaji, wenyewe waliniomba. Ni mji uliobanwa kati ya ziwa na milima, na vita vilikuwa milimani. Gari nililopewa lilikuwa jeupe zamani. Nesi wangu aliitwa Esperansi, mwanamke wa umri wa Tusa, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliyevuka mto. Siku ya kwanza aliniangalia akasema, "Muzee, wamekuleta uendeshe au ulazwe?" Tukapatana palepale.

Kazi ilikuwa kupanda milimani tunapoitwa na kuteremka na watu. Wengine walikuwa wamepigwa risasi. Wengi walikuwa na magonjwa ya kawaida tu, malaria, kuhara, kuzaa, ila vita vilikuwa vimewafungia njia. Hilo sikulijua kabla. Nilidhani vita vinaua kwa bunduki. Vinaua zaidi kwa barabara.

Kila jioni nilikuwa naosha sakafu ya gari kwa ndoo na fagio la chelewa. Maji yanayotoka sitayaeleza. Mmeniuliza sana kilabuni kuhusu hayo, na ndiyo maana nabadilisha habari. Nitasema tu kwamba nilikuwa naosha mpaka maji yatoke meupe, halafu naosha tena kwa ndoo moja ya bure.

Chakula: ugali wao wanauita bukari, wa muhogo, unateleza wenyewe, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mtamu. Ila ulanzi hakuna! Niliwaeleza kwamba kwetu mwanzi unakatwa kichwa unatoa pombe, wakasema muzee ana homa.

Na Jumatano na Jumamosi, simu mbili mdomo kwa mdomo.

"Ukuta umefika wapi?" Mama Tusa anauliza.

"Linta."

"Fundi mzuri?"

"Mvivu, lakini nimemkalia."

Wiki ya sita nikaezeka. Wiki ya nane nikapiga lipu. Tusa katikati anasikiliza tu. Siku moja simu ya mama yake ilipokatika aliniambia, "Baba, choo utakiweka ndani au nje? Maana nimeanza kuipenda hiyo nyumba." Nikasikia aibu, jamani. Nikaweka choo ndani.

Siku ya majani

Tuliitwa asubuhi kijiji cha juu. Mama mmoja uchungu umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya, lazima hospitali. Tukampakia. Esperansi akakaa naye nyuma, akafunga pazia. Nusu ya mteremko, mpira wa rejeta ukapasuka, moshi puu.

Nikafanya nini? Nilichofanya maisha yangu yote. Panga lilikuwa chini ya kiti. Nikakata matawi mazuri, mabichi, nikatandaza nyuma, nikatandaza mbele, nikahesabu hatua. Ndipo nikafungua boneti. Nikafunga mpira kwa ukanda wa tairi la baiskeli, nikateka maji kijitoni, nikangoja injini ipoe, mpira ukavuja, nikafunga tena. Ilikula asubuhi yote. Nikashangaa kitu kimoja: barabara ile kwa kawaida haimalizi dakika kumi bila baiskeli ya makala, yaani mkaa, kupita. Siku ile kimya. Nikamwambia Esperansi kupitia pazia, "Mungu ametupa nafasi, hakuna hata wa kutusumbua." Yeye alikuwa anamhesabia mama pumzi.

Gari likawaka. Mama nyuma akapiga ukelele ambao sijausikia tangu Tusa azaliwe. Nikakanyaga mafuta. Nikayapita majani ya mbele, nikayaona kwenye kioo yamelala palepale, na moyo ukaniambia simama. Sikusimama. Nikasema nitarudi. Mara ya kwanza tangu nishike usukani.

Kupiga kona, naona baiskeli ishirini zimepangana, wenye baiskeli wamechutama. Mbele yao lori la watu wenye bunduki, na wenyewe wamelala mtaroni, bunduki zimeniangalia mimi.

"Shuka! Mikono juu!"

Nikashuka. Akaja kamanda wao. Wa serikali au wa nani sikujua, nguo za watu wote kule zilifanana.

"Muzee, kule juu kuna bariera. Umepitaje?"

"Bariera gani? Sijaona."

"Ya majani!"

"Aa, yale majani!" Nikafurahi, nikajua kumbe ni jambo dogo. "Yale ya kwangu."

Watu wa baiskeli wakalala chini wote kwa pamoja, kama majani yaliyopigwa na upepo.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Kule milimani, mwenye bunduki akitaka kufunga njia hajengi kitu, anatupa matawi mabichi barabarani, naye anajificha juu. Ukiyaona unasimama mbali, unangoja aje akuambie anataka nini. Ukiyaruka, unapigwa. Na mimi nilikuwa nimeyaweka mbele na nyuma. Walioko chini walisimama, walioko juu walisimama, jeshi lenyewe likasimama, wote wananingoja mimi nijitokeze nitoe masharti. Mimi niko katikati nafunga mpira wa rejeta na kupiga mluzi.

"Ya kwako?" kamanda akauliza polepole.

"Ndiyo. Kwetu barabara zote tunafanya hivyo. Mke wangu asipohakikisha nimeweka, halali."

Akarudi hatua moja. "Muko wangapi?"

"Watatu, na wa nne yuko njiani."

Hapo alishika bunduki kwa mikono miwili. Akataka leseni. Leseni, ndugu zangu, iko Mlandege chini ya vitenge! Nikapekua mifuko, nikampa kadi nilizokuwa nazo zote, ya kanisa na ya kliniki. Akaishika ya kliniki, akasoma sana.

"Hizi namba za nini? Mia na sabini kwa mia?"

"Presha."

"Presha ya nani?"

"Yangu. Hiyo ya zamani. Sasa hivi nadhani imezidi."

Akasema nigeuze gari, nirudi juu, nikaiondoe bariera yangu mwenyewe, watu wake wanaangalia. Na kwa haki alikuwa anasema jambo la kweli. Lakini nyuma ya pazia yule mama alikuwa ameacha kupiga kelele, na ninyi mnajua kunyamaza kwa mzazi si habari njema. Nikasema, "Mama huyu kwanza. Nipige nikirudi."

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa teke. Esperansi, mikono imeloa mpaka kiwiko.

"Wewe!" akamwambia kamanda. "Mwezi uliopita nani alikutumbua jipu?"

Kamanda akashusha bunduki kidogo.

"Niwaambie vijana wako lilikuwa wapi? Niwaambie ulilia ukamwita nani?"

Vijana mtaroni wakainua shingo, wanataka kujua.

"Pitisheni gari," kamanda akasema. "Pitisheni haraka!"

Mtoto alizaliwa hospitali mlangoni, wa kike, mzima, na mama mzima. Wakataka kumpa jina langu, nikakataa, si jina la kumpa mtoto wa watu. Manesi wakamwita Bariera. Jina limekaa.

Hapo ndipo mnapopenda nimalizie, mnapiga meza mnacheka. Lakini haikuishia hapo. Nilipanga kurudi jioni kuyaondoa, nikaitwa upande mwingine. Kesho yake nikaitwa tena. Sokoni makala yakaadimika. Wauza samaki wakaanza kusema milimani kuna kundi jipya limefunga barabara, kiongozi wake mzee wa Kitanzania anayejificha ndani ya gari la wagonjwa. Nilicheka na mimi. Jeshi halikupanda, baiskeli hazikupanda. Siku ya tano nikapanda. Nikakuta mbuzi sita wanamalizia bariera yangu, wametafuna mpaka vijiti.

Na pembeni, kutoka porini, akatoka bibi kizee na tenga la muhogo mgongoni. Siku zote nne alikuwa anazunguka mlima mzima kwa ajili ya majani yale, apate kufika shambani kwake na kurudi. Aliponiona nimeshuka nimesimama hapo bila kuogopa, akajua. Hakunitukana. Alinyanyua mguu mmoja akanionyesha unyayo, halafu akanyanyua wa pili.



Simu moja

Jumamosi ile nikamwambia Tusa asiunganishe simu. Nikampigia Mama Tusa mwenyewe, kwa namba ya kule.

"Hii namba ya wapi?" akauliza.

"Kongo."

"Na nyumba ya Tusa?"

"Haipo."

"Linta?"

"Haipo."

"Lipu?"

"Mama Tusa, hakuna hata tofali."

Nikamweleza yote: mkono uliojinyanyua, gari, mama mzazi, mpira wa rejeta. Nikadhani atauliza habari za bunduki.

"Uliweka majani?"

"Niliweka."

"Uliyaondoa?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema niliyaondoa, na nani angejua?

"Mbuzi waliyala," nikasema.

"Sijauliza mbuzi."

Simu ikakatwa. Nilipiga tena siku ile, na wiki ile, na mwezi ule. Inaita, haipokelewi.

Kurudi

Nilimaliza muda wangu, nikaagwa kwa sombe na samaki, Esperansi akalia kisha akanitukana kwa kumliza. Ziwa lilikuwa limetulia, watakatifu sikuwahitaji. Michembe ya Masanja ilibaki kiganja kimoja, nikaitafuna toka Kasanga mpaka Tunduma, safari hii ndani ya kibanda, mtu mzima msafi.

Iyunga, Tusa alinipokea begi.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Amefua mapazia yote."

"Yote?"

"Mara mbili, baba."

Nikakosa usingizi kuliko nilivyowahi kukosa kule. Barabara nzima, Igurusi, Igawa, Makambako, nilikuwa napanga maneno, nikifika Mafinga yameisha. Nikashuka Ipogolo, bajaji ikanipandisha mjini.

Mlandege tena

Kutoka njiani hadi mlangoni kwangu ni hatua kama arobaini. Nikayaona kabla sijamlipa mtu wa bajaji. Majani. Matawi mabichi yametandazwa toka mwanzo wa njia, fungu moja huku, fungu moja karibu na mlango. Nikasogea. Yalikuwa ya mparachichi wangu, ule niliounganisha mwenyewe, ninaowafukuzia watoto wa jirani. Alikata yenye maua.

Mwenyewe amekaa barazani anachambua maharage. Nikiwa na kosa huwa namsalimia kwa lugha ya kwao.

"Ugonile."

Akachambua.

"Unaona majani?" akasema.

"Nayaona."

"Yana maana gani?"

"Kuna gari bovu."

"Basi pita pembeni."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, gari lililoharibika ni mimi au ni yeye.

"Bado tunaangalia," akasema.

Nikainama kunyanyua tawi moja. "Acha!" Nikaacha. "Umeyaweka wewe? Anayeondoa ni aliyeweka, tena gari likishapona. Au umesahau na hilo?"

Siku tatu nilipita pembeni. Nakwenda kuzunguka nyuma ya banda la kuku, napenya kwenye ua wa jirani, naingia kwangu kwa mlango wa jikoni kama mwizi. Kuku wananiangalia kwa jicho moja. Mliopita siku zile mkaniuliza kwa nini nyumbani kwetu kuna matawi njiani, nikawajibu kuna sherehe, samahanini. Chakula alinipa, maji ya kuoga alinipa, kitanda changu kilikuwa benchi la sebuleni. Maneno hakunipa.

Siku ya tatu mchana tulikuwa jikoni wote, yeye anasonga ugali, mimi nimekaa kwenye kigoda sina kazi.

"Yule bibi wa muhogo, Tusa kanisimulia," akasema bila kugeuka. "Miguu yake ilipona?"

Nikamwambia. Kwamba siku ileile nilimpakia, Esperansi akamwosha nyayo akamfunga. Kwamba mpaka naondoka, kila Alhamisi nisipokuwa na mgonjwa nilimpandisha shambani kwake na tenga lake, na yeye ananiita Bariera na mimi, kama yule mtoto. Nikamwambia na habari ya kuosha gari jioni, na ile ndoo moja ya bure, ambayo ninyi sijawahi kuwaambia kilabuni.

"Mbona hukuniambia ya bibi wewe mwenyewe?"

"Ulikata simu."

Akageuza ugali. Akaupakua. Sikuona kitu kwenye uso wake, na mimi uso ule nimeusoma kuliko nilivyosoma darasa la nne.

Asubuhi ya siku ya nne niliamka kwenda kuwapa kuku pumba. Nikafungua mlango wa mbele kwa kusahau. Njia ilikuwa tupu. Matawi yalikuwa pembeni, chini ya ua, yamepangwa moja juu ya lingine, shina upande mmoja na majani upande mmoja, kama anavyoyaacha dereva mwenye adabu. Ndani nasikia kikombe kinawekwa mezani.

Leseni bado iko sandukuni. Sijaiomba.

Nikapita katikati ya njia mpaka barabarani, taratibu, kama gari lililotoka gereji, nikageuza, nikarudi kunywa chai.